Mfupa Ni Mzima

Walimwita Wembe kwa sababu ya suruali. Si zile alizovaa yeye, maana za kwake zilikuwa mbili na zote zimechoka, bali zile zilizopita mikononi mwake. Suruali ikitoka kwenye meza yake ilikuwa na mstari wa mbele ambao wenzake walisema mtu anaweza kunyolea ndevu. Miaka thelathini na tatu alisimama kwenye ukumbi wa pasi wa kiwanda kidogo cha kufulia nguo za hoteli na maofisi, mkono wa kulia ukienda na kurudi, wa kushoto ukinyoosha kitambaa. Aliingia akiwa na miaka kumi na tisa, hana hata unywele mmoja kidevuni. Maumivu yalipoanza alikuwa na hamsini na mbili, mke mmoja, watoto watatu, na sifa ambayo haikumletea chochote isipokuwa suruali nyingi zaidi.

Ukumbi ulikuwa na meza kumi na mbili, safu mbili zinazotazamana, mabomba ya mvuke juu, na feni moja iliyozunguka siku ilipojisikia. Joto la mle ndani halikuwa la utani. Uingie mkavu, dakika tano tu unaonekana umeoga na nguo zako.

Maumivu yalianzia mgongoni, upande wa kulia, chini ya kombe la bega, pale ambapo mkono wako mwenyewe haufiki hata ujikunje vipi. Mwanzoni yalikuwa kama mtu amekuegeshea kidole gumba hapo na hataki kukitoa. Baada ya wiki kadhaa yakashuka kwa ndani ya mkono, yakapita kwenye kiwiko, na hatimaye kidole cha mwisho na jirani yake vikafa ganzi. Wembe alikuwa akivipiga kwenye ukingo wa meza ili viamke, na havikuamka.

Sasa, mahali pengine popote mtu akisema mkono wake umekufa ganzi, wenzake watamhurumia. Ukumbini mle alipewa hongera. Ilikuwa desturi yao, na ilitoka kwa msimamizi, mzee mmoja mnene waliyemwita Mjomba ingawa hakuwa mjomba wa yeyote. Mkono wa kulia wa Mjomba ulikufa ganzi miaka ishirini iliyopita, akajifundisha kupiga pasi kwa kushoto, akaendelea hivyo mpaka alipokabidhiwa funguo za ukumbi. Tangu hapo ikawa sheria isiyoandikwa: mpiga pasi ambaye mkono wake haujafa ganzi bado anajifunza. Ukifa, anahamia kushoto, na hapo ndipo anahesabiwa fundi. Kwa miaka yote ile waliohama walikuwa watano tu.

Siku ya Wembe walisimamisha kazi kwa dakika kumi. Wanaume wanne waliinua meza yake wakaigeuza, bomba la mvuke likaja upande wa pili. Wengine wote wakapiga meza zao kwa viganja, na Mjomba akamshika bega lilelile bovu akalitikisa kwa furaha.

"Hongera, bwana! Leo umekuwa fundi."

"Mjomba, lakini kinachouma hasa ni huku nyuma, begani."

"Ganzi inaanzia popote inapotaka. Yangu ilianzia kwenye kifundo cha mkono. Jikaze kisabuni, miezi miwili utasahau."

Na tusidanganyane, Wembe alifurahi. Alirudi nyumbani siku hiyo kifua mbele kana kwamba amepandishwa cheo. Mtu aliyefanya kazi moja miaka thelathini na tatu bila mtu kumwambia hata ahsante, ukimgeuzia meza tu atalia. Alimsimulia mke wake. Mke wake alikuwa akipanga viatu vya mitumba kwenye magunia kwa ajili ya soko la kesho yake, akamsikiliza bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo wanakupigia makofi kwa sababu umeumia?"

"Hujaelewa."

"Nimeelewa sana."

Huyu mama inabidi umwelewe, la sivyo utamchukia bure. Baba yake mzazi alilala kitandani miaka kumi na minne akisema mgongo, mgongo, huku mama yake akibeba ndoo za maji na mizigo ya watu mpaka akaanguka na kufa. Wiki moja baada ya mazishi, yule baba aliinuka, akavaa viatu, akaenda kuchumbia. Tangu siku hiyo binti yake aliapa kwamba mwanamume anayelalamika mwili hatampata yeye. Alimpenda Wembe kwa sababu hakuwa mtu wa kulalamika.

Miezi miwili ilipita. Mkono wa kulia sasa ulikuwa unapumzika, kazi yake kunyoosha kitambaa tu, na kwa hesabu ya Mjomba maumivu yalipaswa kuwa yameondoka. Wale watano wengine yaliwaondokea. Kwa Wembe yaliongezeka. Hapa ndipo palipohitaji mtu mmoja tu mwenye akili ya kuuliza: kama ni ugonjwa wa pasi, mbona pasi imeachwa na ugonjwa umebaki? Watu kumi na wawili ukumbini, hakuna aliyeuliza. Wembe mwenyewe hakuuliza. Alikuwa ameshageuziwa meza. Angeanzaje kusema walikosea?

Alikwenda zahanati akapewa vidonge vya maumivu. Vikaisha, akapewa vingine. Mwezi wa nne wa maumivu, alipoanza kulala ameketi, mgongo ukutani na mto kifuani, alikwenda hospitali kwa miguu yake akaomba apigwe picha. Akapigwa picha ya bega. Kijana aliyevaa koti jeupe aliiinua kwenye mwanga wa dirisha muda usiotosha hata kupiga chafya, akaandika mstari mmoja, akamrudishia bahasha.

"Mfupa ni mzima, mzee. Misuli tu hiyo. Punguza kazi."

Mfupa ni mzima. Maneno matatu, na yakamfanyia Wembe ubaya kuliko maumivu yenyewe, kwa sababu aliyabeba mwenyewe mpaka nyumbani akamkabidhi mke wake. Yule mama alisoma ule mstari, akaurudia kwa sauti, akaitia bahasha chini ya godoro kama mtu anayehifadhi hati ya nyumba. Kuanzia hapo kila Wembe alipoguna alijibiwa kwa mstari ule.

"Siwezi kuinua hilo gunia, mama watoto. Mkono hauna nguvu."

"Daktari kasemaje?"

"Najua alivyosema."

"Kasemaje?"

"Mfupa ni mzima."

"Haya. Basi shika upande huo, mimi nashika huu."

Na alishika. Alishika kwa mkono wa kushoto, akajifanya wa kulia nao unasaidia. Binti yao mkubwa alikuwepo, na aliona.

Mwezi wa sita wa maumivu kikatokea kioja ukumbini. Aliyekuwa na meza ya kumtazama Wembe alikuwa mama mmoja wa mashati, jina lake la kazini Kola, mdomo wake haukuwa na mfuniko. Adhuhuri moja, mvuke umetanda, kila mtu jasho linamtiririka, Kola akaweka pasi chini akamkazia macho.

"Wembe, hebu niambie, nusu ya uso wako iko likizo?"

"Nusu gani?"

"Hiyo ya kulia. Kushoto unatoa jasho kama sisi wenzako, kulia uko mkavu kama umetoka kupakwa poda. Hiyo nusu bosi anailipa kwa kazi gani?"

Ukumbi mzima ulicheka, na Wembe alicheka nao. Alijipitisha kiganja usoni. Kweli: kushoto kililowa, kulia kilitoka kama kilivyoingia. Mjomba akaja kuangalia, akatikisa kichwa taratibu, akatoa elimu. Alisema mtu akihamia kushoto, jasho nalo linaufuata mkono unaofanya kazi. Kwamba ni jambo la kawaida. Kwamba yeye pia lilimtokea, ila alikuwa amesahau. Wakamwamini! Watu wazima, wenye watoto shuleni, wakaamini kwamba jasho linahama kama mpangaji. Nami nasema hakuna ujinga mbaya kama ujinga wenye uzoefu, kwa sababu haukosi jibu.

Wiki tatu baadaye Wembe alikuwa akipiga pasi koti la hoteli, kushoto pasi, kulia kitambaa. Kola ndiye aliyesikia harufu. Alifikiri ni nguo inaungua, akainua macho, akapiga ukelele uliosimamisha meza zote. Pasi ilikuwa imepita juu ya kidole cha mwisho cha mkono wa kulia wa Wembe na kutulia hapo, na mwenye kidole alikuwa akiangalia mshono wa koti, ametulia, hana habari. Alipoinua mkono, ngozi ilibaki kwenye pasi. Hakusikia chochote. Ndicho kilichomtisha, akakaa chini sakafuni pale pale kati ya nguo za watu.

Walimfunga kitambaa wakamrudisha nyumbani. Mke wake alikisafisha kidonda kwa maji ya chumvi, mikono yake mipole, uso wake umefungwa. Alipomaliza kufunga bandeji alisema neno ambalo Wembe alikaa nalo kuliko kidonda.

"Umejiunguza ili ukae nyumbani?"

"Wewe mwanamke, unajua unachosema?"

"Baba yangu alijimwagia uji wa moto mguuni siku mama alipomwambia atoke akatafute kazi. Nilikuwepo. Kwa hiyo ndiyo, najua ninachosema."

"Mimi si baba yako."

"Basi acha kufanana naye. Acha uongo."

Miaka ishirini na sita ya ndoa, Wembe hakuwahi kumwongopea mwanamke huyu hata kuhusu sigara alizokuwa akivuta nyuma ya chumba cha tanuri kazini. Alizikiri zote, na aliziacha siku aliyoombwa aziache. Aliona akifungua mdomo atatukana. Aligeukia ukuta. Maumivu yalimtafuna begani, na juu yake akasikia uchungu mwingine wa kutoaminiwa, na kama ungemuuliza achague kuponywa mmoja angechagua huo wa pili bila kufikiri.

Kiwanda kilitaka fomu ya likizo ya ugonjwa yenye picha ndogo. Binti mkubwa alifanya kazi kwenye studio ya picha, kwa hiyo Wembe alikwenda kukaa kwenye stuli mbele ya pazia jeupe, binti yake nyuma ya kamera.

"Baba, fungua macho yote mawili."

"Nimefungua."

"La kulia umelilegeza. Fungua."

"Nimefungua, mwanangu, unataka niyatoe nje?"

Binti alipiga, akaitazama kwenye kompyuta, akaikuza. Kope ya kulia ilikuwa imeshuka nusu, na mboni ya jicho hilo ilikuwa ndogo kuliko ya upande wa pili, ndogo waziwazi, kama kitobo cha sindano. Akachukua picha ya baba yake ya miaka miwili nyuma akaziweka pamoja. Hakusema kitu kuhusu bega. Alisema tu kwamba kesho yake watakwenda kwa daktari wa macho, na Wembe akakubali kwa sababu jicho halikuwa na ugomvi nyumbani. Kuhusu jicho hakuna aliyewahi kumwita mwongo.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, sauti ya chini. Alizima taa, akamulika jicho moja, akamulika la pili, akawasha taa, akazima tena. Halafu akavuta kiti akakaa karibu.

"Mzee wangu, una maumivu begani? Upande huuhuu wa kulia, kwa nyuma?"

Wembe alimtazama binti yake, akadhani amemwambia. Binti akatikisa kichwa.

"Ndiyo. Miezi minane sasa. Lakini daktari, mimi nimekuja kwa jicho."

"Najua. Na vidole? Hivi viwili vya mwisho?"

"Vimekufa ganzi." Akauinua mkono wenye bandeji. "Hiki niliungua nisijue."

"Uso wako je, ukitoka jasho, linatoka pande zote?"

Hapo Wembe alikumbuka vicheko vya ukumbi mzima. Akaeleza, na alipofika kwenye maelezo ya Mjomba, kwamba jasho linaufuata mkono, daktari hakucheka. Aliuliza kama amewahi kuvuta sigara. Akauliza kama kuna picha yoyote aliyowahi kupigwa, na kama ipo, ailete kesho.

Kesho yake mke wake alisema naye anakwenda. Alifunga kibanda chake sokoni, akaitoa bahasha chini ya godoro, akaibeba mwenyewe kwapani. Alitaka kusikia kwa masikio yake. Njiani hakuficha kwamba anategemea daktari atarudia yaleyale, na mchezo uishe.

Daktari aliibandika picha kwenye kisanduku cha taa ukutani. Bega likaonekana, mfupa mweupe, safi, mzima kweli. Mke wa Wembe aliliona hilo hata yeye. Lakini daktari hakuliangalia bega. Aliweka kalamu yake juu pembeni, mahali picha inapoishia, pale ncha ya juu ya pafu ilipochungulia chini ya mfupa wa shingo. Pafu kwenye picha huwa jeusi, alisema, kwa sababu ni hewa. Hapa juu palipaswa kuwa peusi. Hapakuwa peusi. Palikuwa na wingu jeupe, ukubwa wa yai la kuku, limekaa kimya kwenye kona.

"Hiki hapa ndicho kinachobana mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi. Na ule mwingine unaokwenda kwenye jicho na kwenye jasho la uso. Bega lenyewe halina kosa. Lazima uende hospitali kubwa leo, si kesho. Nitakuandikia barua."

"Hicho kimeanza lini?" mke wake aliuliza.

Daktari alisoma tarehe kwenye kona ya picha. "Siku hii kilikuwepo tayari, mama. Miezi minne iliyopita. Aliyeisoma aliulizwa kuhusu mfupa, akaangalia mfupa."

Miezi minne. Miezi minne yule mama alilala juu ya jibu, mgongo wake na jibu vimetenganishwa na godoro tu, huku pembeni yake mtu mwenye swali ameketi ukutani na mto kifuani. Hakuna wa kumpeleka mahakamani. Yule kijana wa koti jeupe hata jina lake hawakulijua, na pengine siku hiyo alikuwa na foleni ya watu themanini. Lakini laana ni mali ya mtu, naye Wembe aliitumia yake njia nzima ya kwenda hospitali kubwa, kimoyomoyo, kuanzia kwa kijana yule mpaka kwa Mjomba na viganja vyake.

Kilichofuata kilikwenda haraka kana kwamba ugonjwa ulikuwa unasubiri tu kutajwa. Picha ya mashine ya duara. Sindano ndefu ya kuchukua kinyama. Wiki tatu za kusubiri majibu. Ilikuwa saratani ya pafu, ncha ya juu, imeshaula ubavu wa kwanza na kujisokota kwenye mishipa. Daktari wa huko alisema watamchoma kwa mionzi, itapunguza maumivu, huenda ikakirudisha nyuma kile kivimbe. Upasuaji, alisema, kwa sasa hapana. Kingekuwa kidogo zaidi wangefikiria. Wembe aliuliza kama ile miezi minne ingekuwa na maana yoyote. Daktari aliangalia karatasi zake muda mrefu, akasema ni vigumu kujua. Akauliza kama mkono utarudi. Daktari akasema tuanze na kuokoa mwili. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulitosha kueleza yote.

Walitoka wakakaa kwenye benchi la saruji nje ya jengo la mionzi, mume na mke, wakisubiri kuitwa kuchorewa alama mgongoni. Ilikuwa saa nne asubuhi, wagonjwa wakipita na mafaili yao. Yule mama alianza kulia bila sauti, kwanza mabega, halafu mwili mzima.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuita mwongo. Unaungua mbele yangu, nakuita mwongo."

Maneno haya Wembe aliyangoja miezi mingi. Usiku mwingi, ameketi ukutani, aliyaandalia majibu. Alikuwa nayo ya kila aina, mengine makali kiasi cha kumwangusha mtu. Na kweli kwa kitambo kidogo alisikia furaha, ndiyo, furaha, ya mtu aliyeshinda kesi. Halafu ikapita, akabaki anamtazama mwanamke huyu wa miaka ishirini na sita akitetemeka kwenye benchi, na akaona kwamba ushindi wenyewe ni huu: kwamba ni kweli anakufa. Angetoa kila kitu, mpaka sifa yake ya mstari wa suruali, ili iwe yeye ndiye mwongo na huyu mama ndiye aliyekuwa sahihi siku zote, wagombane, warudi nyumbani, wabebe magunia.

Alitafuta mkono wake, kwa ule wa kushoto unaosikia.

"Usilie," alisema. "Hukukosea sana. Siku nyingine nilikuwa nadeka kweli. Bega halikuuma kivile, nilikuwa nakwepa magunia yako tu."

Mkewe aliinua uso wenye machozi, akaitazama ile kope iliyoanguka, na bandeji, na mkono uliokonda mpaka mifupa ikahesabika.

"Mwongo wewe," alimwambia.